Gauni la mtumba linanibana kifuani na nyongani. Mabaki ya kitenge yanaweza kuliokoa?

*Shikamoo mama fundi. Nimenunua gauni la mtumba pale Mlango Mmoja, rangi ya udongo, mikono mifupi, zipu ya mgongoni. Mabega yamenikaa vizuri sana. Kinachonishangaza ni vipimo: kifua changu ni inchi 40 na gauni ni 40, nyonga zangu ni 44 na gauni ni 44, kiuno changu ni 33 na gauni ni 35. Lakini zipu inapanda kwa taabu, kifuani linavuta, na nikikaa nasikia mshono unalia. Nina mfuko mzima wa vipande vya kitenge vilivyobaki kwenye sare za harusi ya mdogo wangu. Fundi wa jirani ameniambia hapo hakuna kitu, nilirudishe sokoni. Pia mwanangu wa darasa la nne ana suruali mbili nzuri za jinsi ambazo zimekuwa fupi na zinambana kiuno. Hivi vipande vinaweza kutusaidia, au nivifanye matambara? Msomaji, Nyegezi, Mwanza.*

Marahaba mwanangu. Gauni usilirudishe, na hivyo vipande usivifutie meza. Gauni ambalo mabega yamekaa limeshakumalizia kazi ngumu kuliko zote, maana bega likiwa baya unalazimika kufumua mkono, kola na shingo, na mara nyingi halikubali tena. Kifua na nyonga vinaongezeka. Huyo fundi jirani simlaumu. Kufumua nguo ya kiwandani kunakula muda kuliko kukata mpya, na wateja wengi hupandisha sauti wakiambiwa bei ya kufumua. Akiona mteja na gauni la mtumba mkononi anaona hasara, hivyo anajibu "haiwezekani" ili aendelee na sare zilizomjaa mezani. Mwisho wa jibu hili nitakuambia namna ya kumrudia.

Kwanza vipimo vyako, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapopotea wakiwa bado sokoni. Gauni la kitambaa kisichovutika likilingana na mwili inchi kwa inchi, hilo ni dogo. Lazima libaki na nafasi ya kupumua, kuinua mkono na kukaa. Kwa gauni la kazini kama lako mimi huacha inchi 3 kifuani, 2 au 3 kiunoni, na nyongani inchi 4. Nyonga nazidisha kwa sababu zinatanuka mtu akikaa. Chukua futi kamba, jipime nyonga umesimama, halafu kaa kwenye kiti ujipime tena. Utakuta kipimo kimeongezeka inchi moja au mbili, na kwa wenye mwili zaidi ya hapo. Tena sisi wa Mwanza hatukai tu. Mtu anayeishi juu kule Mabatini au kwenye miteremko ya Bugando anapanda mawe na ngazi kila siku, na wewe wa Nyegezi ukitaka kuwahi daladala unainua goti mpaka karibu na kiuno. Gauni linalokutosha ukiwa umesimama mbele ya kioo halijajaribiwa bado.

Kwa hiyo unahitaji kifua kitoke 40 kiwe 43, nyonga zitoke 44 ziwe 48, na kiuno kitoke 35 kiwe 36. Zishike namba hizo, tutazirudia.

Kabla ya kugusa mkasi, livae gauni ukiwa umeligeuza ndani nje, zipu uipandishe mpaka inapokubali bila kulazimisha, halafu mwombe mtu akuangalie mgongoni. Tazama mikunjo. Kitambaa kikizidiwa hujivuta kuelekea pale kinapobanwa, na mikunjo yake inaelekeza huko. Mikunjo iliyolala kutoka chuchu kwenda kwapani inasema kifua kimekosa upana. Mikunjo ya mlalo mbele ya tumbo la chini, kutoka mshono wa upande mmoja hadi mwingine, inasema nyonga. Sasa angalia pale juu ya makalio, kwenye uti wa mgongo. Nadhani utaona kitambaa kimejikusanya, kimelegea, kama kimezidi urefu. Watu wengi hapo hupeleka nguo kwa fundi apunguze mgongo, na huo mgongo hauna kosa lolote. Gauni limebanwa nyongani, likakosa pa kukaa, likapanda juu kutafuta mahali pembamba. Ukiongeza nyonga, lile fungu litashuka lenyewe. Nimeona magauni mazuri yakiharibiwa kwa kukatwa mgongo, na baada ya hapo hakuna cha kufanya.

Kingine cha kukagua ni uzima wa kitambaa. Shika pande mbili za mshono wa kwapani, vuta kwa nguvu ya wastani. Nyuzi zikianza kuachana, au ukiona mwanga unapita, kitambaa kimechoka kwa jasho na kufuliwa; usikipotezee muda. Pia fumua kidogo, kama inchi mbili tu, kwenye mshono wa upande karibu na pindo. Utaona kama rangi ya ndani ya mshono ni ileile ya nje au nje kumepauka. Utaona pia kama sindano ya zamani imeacha matundu. Satini na ngozi huacha matundu yasiyoziba. Pamba hujifunga ukiipiga pasi yenye mvuke au ukiilowesha.

Unaweza kuuliza kwa nini tusitumie tu akiba iliyo ndani ya mshono. Ifumue uone: nguo nyingi za kike za kiwandani huachiwa nusu inchi au pungufu, na mara nyingi imeshakatwa na ovaloki, ile mashine ya kufunga kingo zisitoke nyuzi. Suruali rasmi za kiume ndizo huachiwa kitambaa cha kutosha kwenye mshono wa nyuma, ndiyo maana zinatanuliwa kiurahisi. Kwa gauni lako akiba hiyo haitoshi, tunahitaji kitambaa cha pembeni.

Hapo ndipo mfuko wako wa vitenge unapoingia, na hapo ndipo ninapotaka uwe makini kuliko mahali pengine pote. Watu huchagua kipande kwa rangi. Mimi nakuomba uchague kwanza kwa tabia ya kitambaa: uzito wake, kinavyonywea, kinavyokunjika. Rangi ije baadaye. Kipande kizito kikiwekwa kwenye gauni jepesi kinaning'inia na kuvuta mshono chini. Chepesi kikiwekwa kwenye kizito kinapasuka ukingoni, kwa kuwa mkazo wote unamwangukia yeye.

Angalia lebo ya gauni kwa ndani, kwenye shingo au mshono wa kushoto. Mitumba inatoka nchi nyingi, kwa hiyo pamba unaweza kuikuta imeandikwa cotton, coton, cotone au Baumwolle, zote pamba. Lebo ikiwa imekatwa, chomoa uzi mmoja kwenye mshono wa ndani, ushike kwa kibanio cha chuma juu ya beseni la maji, uuchome kwa kiberiti. Pamba inawaka na kunuka karatasi iliyoungua, inaacha majivu laini ya kijivu. Poliesta inayeyuka, inatoa moshi mweusi na kuacha punje ngumu. Sufu inanuka nywele zilizoungua. Fanya hivyo hivyo kwa kitenge chako, na usiseme "kitenge ni pamba tu". Siku hizi vimejaa madukani vitambaa vya poliesta vilivyochapwa maua ya kitenge. Tunaishi katikati ya nchi ya pamba, Ukiriguru wanakofanyia utafiti wa pamba ni pale Misungwi, na wazee wanakikumbuka kiwanda cha nguo cha MWATEX kilivyokuwa kikinguruma hapa mjini, lakini kilicho kwenye mfuko wako huenda hakina hata uzi mmoja wa pamba. Poliesta si dhambi. Ila ukiiunganisha na gauni la pamba, siku ukipiga pasi ya moto unaofaa pamba, upande wa kitenge unaweza kuyeyuka. Tena kwapani, kwa joto na unyevu wa huku ziwani, poliesta hainyonyi jasho. Tafuta vipande vya pamba.

Kisha vifue. Hili naomba usiliruke. Gauni la mtumba limefuliwa miaka mingi na mwenyewe wa kwanza, limeshamaliza kunywea. Kitenge kilichobaki kwenye sare bado kina wanga wa kiwandani na hakijawahi kuona maji. Ukivishona pamoja leo, vitalingana. Ukifua mara ya kwanza, kitenge kitanywea na gauni litabaki vilevile, na mshono wote wa upande utajikunyata. Pamba mpya yenye urefu wa yadi moja hupoteza inchi moja, wakati mwingine karibu mbili. Loweka vipande kwenye maji ya moto kiasi yenye sabuni, acha nusu saa, suuza, anika, piga pasi, ndipo ukate.

Wakati wa kusuuza, chukua kitambaa cheupe kilicholoa, kikandamize juu ya kitenge kwa nguvu. Kikishika rangi, fua tena. Baada ya mara tatu nne kama bado kinatoa rangi, kiweke pembeni, usikitie kwenye gauni la rangi ya udongo. Najua utaambiwa utie chumvi au siki ili kifunge rangi. Rangi ambayo haikufungwa kiwandani haifungwi na chumvi ya jikoni, na utakuwa umepoteza siki yako.

Sasa kazi yenyewe. Kosa linalofanywa sana ni kuchomeka pembe ya kitenge pale panapobana tu: kipande kidogo kifuani, kingine nyongani. Kila pembe inapoishia panabaki ncha, na ncha hiyo inabeba mkazo wote, ndipo panapopasuka. Tena gauni linatuna mahali pamoja. Badala yake weka upapi mmoja mrefu, yaani ukanda wa kitambaa, kila upande, uanzie pindo la mkono, upite chini ya mkono, upite kwapani, ushuke ubavuni, kiunoni, nyongani, mpaka pindo la gauni. Walioshona kanzu wanakijua kikwapa, kile kipande cha chini ya mkono kinachompa mtu nafasi ya kunyanyua mikono. Upapi wetu unafanya kazi ya kikwapa na kazi ya kuongeza upana kwa pamoja. Ukiongeza ubavu peke yake bila mkono, tundu la kwapa litakuwa kubwa na mkono utabaki mdogo, na hapo hutaweza kuvishona tena.

Tukirudi kwenye namba zetu: kifua kinahitaji inchi 3, maana yake 1½ kila upande. Kiuno inchi 1, nusu kila upande. Nyonga inchi 4, yaani 2 kila upande. Kwenye kila ukingo wa upapi unaongeza nusu inchi ya mshono, kwa hiyo jumla inchi 1. Upapi wako utakuwa na upana wa inchi 2½ kuanzia mkononi hadi kwapani na kifuani, utajibana taratibu hadi 1½ kiunoni, utatanuka hadi 3 nyongani, na kutoka hapo ushuke na 3 ileile mpaka chini, au uupe 4 kwenye pindo kama unapenda gauni lichanue kidogo unapotembea. Kwa mtu wa kupanda vilima ningetia hiyo 4. Chora kwanza kwenye gazeti, ukunje gazeti katikati kwa urefu ili pande mbili zilingane, ukate, ndipo uweke juu ya kitenge.

Urefu, pima kwenye gauni lenyewe: kutoka ukingo wa mkono hadi kwapani, na kutoka kwapani hadi chini, kisha ongeza inchi 1 juu na 2 chini kwa ajili ya mapindo. Vipande vyako huenda havifiki huko. Unganisha viwili, lakini muungano usiuweke kwapani. Pale tayari mishono minne inakutana na panatoa jasho. Uweke kiunoni, ambapo mkono ukining'inia unapafunika. Kata kwa urefu wa kitambaa, sambamba na ule ukingo wenye maandishi ya kiwanda, kwa kuwa nyuzi za mtande hazivutiki sana. Ukikata mshazari upapi utarefuka wenyewe ukitundikwa, na pindo litakuwa na mawimbi. Ule ukingo wenye maandishi ukate uutupe, umefumwa kwa kubana na hunywea tofauti na sehemu nyingine. Na kama kitenge kina picha kubwa, ndege au duara, hakikisha kushoto na kulia vinatoka sehemu ileile ya mchoro. Duara likikaa nyongani kushoto na kulia kukawa tupu, jicho la kila mtu litakwenda hapo.

Fumua pindo la gauni inchi 3 kila upande wa mshono, kisha fumua mshono wa upande na ule wa chini ya mkono. Tumia mkasi mdogo wenye ncha: kata uzi mmoja kila baada ya mishono mitatu minne upande mmoja, halafu vuta uzi wa upande wa pili, utatoka mrefu. Wembe unafanya kazi haraka, na haraka hiyohiyo unakata kitambaa. Mshono wa duara unaoshika mkono kwenye bega usiuguse kabisa. Pale kwapani utakapokatika, piga kwanza mishono michache ya kurudi nyuma ili usiendelee kufumuka.

Baada ya kufumua, usifute alama ya mshono wa zamani, ni mstari wako. Piga bandi upapi (mishono mirefu ya mkono ya kushikilia kwa muda) kwenye kipande cha mbele kwanza, ukianzia kwapani kwenda chini, kisha kwapani kwenda mkononi, halafu kipande cha nyuma vivyo hivyo. Tunaanzia kwapani ili kama kuna tofauti ya urefu, iishie kwenye pindo ambako inakatwa tu. Vaa likiwa na bandi. Kaa, inua mikono kama unashika bomba la daladala, panda kwenye kiti. Rekebisha sasa hivi, uzi wa bandi haugombi. Ukiridhika, shona kwa mashine juu ya mstari uleule wa zamani, sindano namba 14, uzi wa poliesta wa rangi ya gauni. Piga pasi kila mshono kabla ya kwenda kwenye mwingine. Kitenge hutoka nyuzi, kwa hiyo kingo zake zipitishe ovaloki. Kama huna, fundi mwenye nayo atakupitishia kwa fedha kidogo.

Gauni likiisha litakuwa na mistari miwili ya kitenge ubavuni. Ili lisionekane limetiwa kiraka, rudia kitenge hichohicho mahali pengine pamoja: taraza nyembamba shingoni, au pindo la chini. Mimi ningechagua shingo, maana ndipo watu wanapokutazama mkizungumza. Ukiweka shingoni, mikononi, mfukoni na kiunoni kwa pamoja, gauni lako la udongo litapotea na utabaki umevaa mabaki ya sare. Mfuko wa kifuani usiuweke kabisa. Kifua ndicho kilichokuwa kinavuta, usikiongezee kitu.

Tuje kwa mtoto. Kwenye jinsi kitenge ni chepesi mno kubeba mkazo, hasa makalioni. Mtoto wa darasa la nne anateleza kwenye mawe, anakaa chini, anapanda miembe. Kiuno chake kiongeze kwa jinsi nyingine iliyochakaa. Toa ile lupu ya mkanda ya nyuma katikati, fumua ukanda pale katikati na ukate, kisha fumua mshono wa makalio kushuka inchi 5. Ukitaka kuongeza inchi 2, kata pembetatu yenye upana wa inchi 3 juu na kuishia ncha chini, ichomeke, halafu tengeneza kipande cha ukanda chenye upana huohuo, urudishe lupu juu yake. Lupu na shati vitaficha kazi yote. Tumia sindano namba 16, na pale mishono inapolundikana usikanyage mashine. Zungusha gurudumu kwa mkono. Ukiona pamezidi kuwa panene, weka mshono juu ya kibao ugonge kwa nyundo mpaka ulale.

Urefu una njia mbili. Kama anahitaji inchi moja tu, fumua pindo, na ndani uweke ukanda wa kitenge kama pindo jipya, ili usipoteze tena jinsi kwa kuikunja. Hapo kitenge kinafaa kabisa, hakibebi mzigo, na mtoto akikunja suruali kinaonekana vizuri. Pale palipokuwa na kunjo la zamani patabaki mstari mweupe. Hautoki kwa sabuni, upitishie mishono miwili ya uzi wa rangi ya chungwa kama ule wa jinsi na utaonekana umekusudiwa. Kama anahitaji inchi 3 au 4, usiunge kitu chini kabisa. Kata mguu wote inchi 4 juu ya pindo, ingiza mkanda wa jinsi nyingine au wa kitenge ulichokikunja mara mbili na kukigandisha na gamu (kile kitambaa cha ndani kinachogandishwa kwa pasi), kisha urudishe lile pindo la kiwandani chini. Suruali inabaki na mwisho wake wa asili, na mkanda wa katikati unaonekana kama mtindo. Miguu yote miwili ipimwe kutoka chini, si kutoka juu, maana huko juu mtoto anaweza kuwa ameinyoosha upande mmoja.

Tisheti na vitambaa vyote vinavyovutika usivichanganye na kitenge. Kimoja kinavutika kingine kinagoma, na mshono unakatika siku ya kwanza. Tisheti iongezewe na tisheti.

Ukienda tena Mlango Mmoja, au ukikuta robota limefunguliwa kwenye mnada wowote, angalia bega kwanza. Bega likikaa, chukua hata kama upande umezidi kuwa mkubwa, maana kupunguza ni rahisi kuliko yote niliyokuandikia hapa. Makoti yenye bitana na magauni ya lesi yanayobana yaache, labda uwe na fundi mvumilivu na pesa ya kumlipa. Na siku nyingine mnaposhona sare, mwambie fundi mapema kwamba mabaki yote unayataka, hata yale ya upana wa kiganja. Kitambaa umenunua wewe, na mafundi waungwana huyafunga wenyewe kwenye mfuko bila kuulizwa.

Kama huna mashine, mrudie yule jirani yako, lakini usimpelekee gauni lilivyo. Mpelekee likiwa limefuliwa, limefumuliwa, mapapi yamekatwa na yamepigwa bandi mahali pake, na umeshalijaribu mwilini. Mwambie ashone juu ya mstari wa zamani, apitishe ovaloki, apige pasi. Hapo hutakuwa unamwomba kazi ya kutwa nzima, ni mishono minne mirefu na mapindo. Mkubaliane bei kabla hajakaa kwenye mashine, na umwachie jinsi ya mtoto baada ya kuona gauni limetokaje.